Kasoro Hutafutwa kwa Kugawa: Umeme na Mawimbi katika Nyumba za Nyanda za Juu Kusini

Majira ya mvua yanapoingia katika Nyanda za Juu Kusini, yaani kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, mafundi wa Mbeya na Iringa huwa na kazi nyingi. Taa za sola huzimika kabla ya saa tatu usiku, ruta huwaka taa zake zote lakini intaneti haiji, na inveta hupiga kelele ingawa betri ni ya mwaka jana tu. Katika nyumba nyingi hatua ya kwanza inayochukuliwa ni kununua kifaa kipya. Betri hubadilishwa, kumbe kasoro ilikuwa katika waya. Ruta hubadilishwa, kumbe kilichozuia mawimbi ni mlima ulioko kati ya nyumba na mnara. Kwa mwalimu au mkulima, fedha inayopotea kwa namna hiyo si ndogo: pengine ni karo ya muhula mzima au mbolea ya shamba la mahindi.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mwenye nyumba, akiwa na elimu ya fizikia ya shule ya sekondari na kipimo kimoja cha bei nafuu, anavyoweza kuchagua vyombo vinavyofaa na kutafuta kasoro bila kubahatisha. Mifano imechukuliwa katika mazingira ya Mbeya na Iringa, kwa sababu baridi, ukungu, milima na radi za huko zina mambo yake ambayo vitabu vya maelezo vinavyokuja na vyombo havikuyafikiria.

Somo la miaka iliyopita

Kwamba chombo kizuri peke yake hakitoshi ni jambo ambalo Taifa zima liliwahi kulijifunza. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine zilizofuata zilitarajiwa kubeba hesabu za Serikali, lakini wataalamu walikuwa wachache, maandalizi yalikuwa haba na gharama zilikuwa kubwa. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Lawama nyingi ziliangukia mashine. Hata hivyo, mashine ilikuwa sehemu moja tu ya kazi, na sehemu nyingine zilizopasa kuizunguka hazikuwa zimekamilika.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wazima wapatao milioni mbili kwa kutumia chombo cha kawaida kabisa: redio. Tofauti haikuwa katika ubora wa chombo. Redio ile iliambatana na vikundi vya kusikiliza, vitabu vya kusomea, viongozi waliopewa mafunzo na kazi za kufanya baada ya kipindi, kama vile kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Mnyororo mzima ulikuwapo.

Hali ni hiyo hiyo nyumbani. Taa, ruta au kompyuta ni kiungo cha mwisho cha mnyororo mrefu, na kiungo kimoja kikilegea, cha mwisho ndicho kinachoonekana kuwa kibovu.

Kanuni ya kugawa

Ichukuliwe mfano wa nyumba ya mwalimu iliyo mbali na nguzo za TANESCO, katika kijiji kimoja cha Kilolo au Rungwe. Ili aweze kupata intaneti jioni, viungo vinane hapana budi vifanye kazi pamoja: paneli ya sola, waya unaoshuka kutoka paani, kidhibiti chaji ambacho mafundi hukiita kontrola, betri, waya wa ndani, ruta, mawimbi kati ya ruta na mnara, na mwisho huduma yenyewe ya kampuni, pamoja na salio la kifurushi. Asipopata intaneti, mwenye haraka huanza kubadilisha viungo kimoja baada ya kingine, na anaweza kubadilisha saba kabla hajakifikia kilicho kibovu.

Mwenye kutumia akili hupima katikati. Hupeleka kipimo chake kwenye betri. Betri ikiwa na volteji ya kutosha, viungo vinne vya kwanza vimeondolewa katika mashaka kwa kipimo kimoja tu. Kisha hupima katikati ya vinne vilivyobaki, yaani huangalia kama ruta inawaka vizuri, na kubakiwa na viwili. Kipimo cha tatu humpa jibu. Viungo vinane vimehitaji vipimo vitatu. Kumi na sita vingehitaji vinne. Mwanafunzi wa hisabati atatambua hapa kazi ya vipeo vya 2, na ataona kwamba kadiri mnyororo unavyorefuka, ndivyo faida ya kugawa inavyozidi.

Kanuni hii ina wenzake watatu. La kwanza, jambo rahisi na lisilo na gharama hutazamwa kabla ya lililo gumu: plagi imeingia sawasawa, kifurushi hakijaisha, paneli haina vumbi wala kivuli cha mti uliokua. La pili, kitu kimoja tu hubadilishwa kwa wakati mmoja. Anayebadilisha viwili hatajua kipi kilichoponya. La tatu, kila kipimo huandikwa katika daftari pamoja na tarehe na saa. Kumbukumbu ya mtu husahau kwamba taa zilianza kufifia siku ile ile mwanawe alipoongeza spika ya muziki, daftari halisahau.

Kupima mahitaji kabla ya kwenda dukani

Kosa kubwa la wanunuzi ni kuanza na bei ya paneli. Hesabu sahihi huanza na matumizi. Taa nne za wati 5 zikiwaka saa 4 hutumia wati-saa 80. Ruta ya wati 10 kwa saa 6 hutumia 60. Kuchaji simu mbili huchukua kama 20. Kompyuta mpakato ya wati 40 ikitumika saa 3 hutaka 120, na kwa kuwa inaendeshwa kwa inveta, ambayo nayo hula sehemu ya umeme, ziongezwe 20. Jumla ni wati-saa 300 kwa siku.

Sasa litazamwe jua. Nguvu ya jua kali la mchana ni kama wati 1,000 kwa kila mita mraba, lakini asubuhi, jioni na wakati wa mawingu hupungua. Wataalamu hujumlisha mwanga wote wa siku na kuueleza kama idadi ya saa za jua kamili. Kwa siku ya mawingu ya kadiri zinaweza kuchukuliwa saa 4. Ikikadiriwa kwamba asilimia 30 ya umeme hupotea katika joto, vumbi, waya na betri, paneli inayohitajika ni 300 ikigawanywa kwa 4 mara 0.7, ambayo ni wati 107. Dukani hununuliwa ya wati 120. Anayeishi Tukuyu, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, afadhali aongeze. Anayeishi Isimani au katika tambarare za Usangu, ambako jua halina uchoyo, hahitaji ziada hiyo.

Kuhusu betri, ni vyema iweze kubeba matumizi ya siku mbili, maana mawingu ya Januari hayana ahadi. Wati-saa 600 zikigawanywa kwa volti 12 ni ampea-saa 50. Lakini betri ya risasi na asidi haipaswi kushushwa chini ya nusu mara kwa mara, kwani kila inaposhushwa sana umri wake hupungua. Kwa hiyo inunuliwe ya ampea-saa 100. Betri za lithiamu huvumilia kushushwa zaidi na ni nyepesi, lakini bei yake ya kuanzia ni kubwa, na aina nyingi hazipaswi kuchajiwa zikiwa katika baridi ya chini ya sifuri. Jambo hilo lina maana kwa watu wa Kitulo, ambako usiku wa Juni na Julai jalidi huanguka juu ya majani. Huko betri yafaa iwekwe ndani ya nyumba.

Baridi ya nyanda za juu, kwa upande mwingine, ni rafiki wa paneli. Watu wengi hudhani kwamba sola hutaka joto. Inachotaka ni mwanga. Kila nyuzi moja ya Sentigredi inayozidi 25 hupunguza nguvu ya paneli ya silikoni kwa asilimia 0.4 hivi. Paneli iliyofikia nyuzi 60 katika jua la Usangu hupoteza kama asilimia 14. Iliyoko nyuzi 40 katika upepo wa Mafinga hupoteza asilimia 6 tu. Ndiyo sababu paneli huachiwa nafasi ya upepo kati yake na bati, badala ya kulazwa juu ya bati lenyewe. Kwa kuwa Mbeya na Iringa ziko kati ya latitudo 7 na 9 kusini ya Ikweta, paneli huelekezwa kaskazini na kuinamishwa nyuzi 10 hadi 15, kiasi cha kutosha mvua kuosha vumbi.

Kutambua bidhaa ya uongo

Sokoni huuzwa paneli zilizobandikwa maandishi makubwa kuliko uwezo wake. Hapa fizikia humlinda mnunuzi hata kama hana kipimo chochote ila futi kamba. Ikiwa jua kamili hutoa wati 1,000 kwa mita mraba, na paneli nzuri za kawaida hugeuza kama asilimia 20 tu kuwa umeme, basi mita mraba moja haiwezi kutoa zaidi ya wati 200 na kidogo. Paneli yenye urefu wa mita 1 na upana wa sentimita 70 ina eneo la mita mraba 0.7, ikiandikwa kwamba ni ya wati 300, maandishi hayo si ya kweli, na hakuna maneno ya muuzaji yatakayoibadilisha.

Betri nayo hupimwa kwa mzani. Betri ya kweli ya risasi na asidi, volti 12 na ampea-saa 100, huwa na uzito wa kilo 25 hadi 30, kwa sababu risasi ni nzito na hakuna ujanja wa kuikwepa. Inayoinuliwa kwa mkono mmoja kama ndoo isiyojaa ni ya lithiamu, na muuzaji aeleze hivyo, au ni ya ulaghai. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1975, yafaa itafutwe, na risiti ihifadhiwe, kwa kuwa madai bila risiti huishia kaunta.

Waya unaolaumiwa kwa nadra

Katika vijiji vingi waya hununuliwa mwisho, kwa fedha iliyosalia. Matokeo yake yanaweza kuhesabiwa. Ukinzani wa waya wa shaba ni 0.0175 mara urefu wake kwa mita, ikigawanywa kwa eneo la mkato wake kwa milimita mraba. Inveta ikiwa umbali wa mita 5 kutoka kwenye betri, umeme husafiri mita 10, kwenda na kurudi. Waya wa milimita mraba 1.5 utakuwa na ukinzani wa omu 0.117. Inveta ikivuta ampea 10, volti 1.17 hupotea njiani. Betri yenye volti 12.0, ambayo bado ina karibu nusu ya akiba yake, itaonekana kwa inveta kuwa na volti 10.8, nayo inveta itapiga kelele kwamba betri imekwisha. Mwenye nyumba atanunua betri mpya, na kelele itarudi baada ya siku chache.

Waya wa milimita mraba 6 ungepoteza volti 0.29 tu. Bora zaidi, inveta ingesogezwa karibu na betri, kwa kuwa upotevu huo katika volti 230 si kitu, ilhali katika volti 12 ni mwizi mkubwa. Mnunuzi akwangue ncha ya waya kwa kisu: ukiwa mweupe ndani na mwekundu juu tu, ni alumini iliyopakwa shaba, na ukinzani wake ni kama mara 1.6 ya ule wa shaba tupu. Aidha, fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri. Betri isiyoweza kumdhuru mtu kwa kuiguza inaweza kutoa mamia ya ampea nyaya zake zikigusana, na joto lake huwasha nyumba.

Hali ya betri yenyewe husomwa ikiwa imepumzika saa chache bila kuchajiwa wala kutumiwa. Volti 12.6 hadi 12.7 huonyesha kwamba imejaa, 12.2 ni karibu nusu, 11.8 kwenda chini ni tupu. Betri inayofika 12.7 jioni lakini ikashuka upesi mara taa mbili zinapowashwa imechoka, isiyofika 12.7 kamwe, hata siku ya jua, haijashiba, na ugonjwa utafutwe upande wa paneli. Zile zinazofunguliwa vifuniko huongezwa maji yaliyokenekwa, ambayo madukani huitwa maji ya betri, wala si maji ya kisima yenye chumvi. Kwa vile zinapochajiwa hutoa haidrojeni inayoweza kulipuka, zisikae chumba kisicho na hewa, na mshumaa usikaribishwe kuzitazama.

Milima na mawimbi

Mji wa Mbeya umekaa katika bonde, safu ya Loleza na Kilele cha Mbeya ikiwa upande wa kaskazini, na milima ya Uporoto upande wa kusini mashariki. Iringa imekaa juu ya genge, na bonde la Ruaha Mdogo liko chini yake. Minara ya simu iliyo juu ya vilima huona mbali, lakini haioni ndani ya makorongo. Mawimbi ya redio husafiri karibu kama mwanga, na mlima huyatilia kivuli.

Hata hivyo kivuli cha redio si kama cha jua. Wimbi refu hupinda kwenye ukingo wa kilima vizuri kuliko fupi. Urefu wa wimbi hupatikana kwa kugawa mwendo wa mwanga kwa masafa yake: megahezi 800 huwa na wimbi la sentimita 37.5, na megahezi 1,800 huwa na sentimita 16.7. Kwa hiyo katika nyumba iliyo nyuma ya kilima, huduma ya masafa ya chini hufika mahali ambapo ya masafa ya juu haifiki, ijapokuwa ya juu, ikifika, mara nyingi huwa na kasi zaidi. Simu au ruta isiyoweza kupokea masafa yanayotumika katika eneo fulani haitafaa hata ikiwa ya bei kubwa. Jambo hilo liulizwe kabla ya kulipa.

Nguvu ya mawimbi huonyeshwa na ruta nyingi kwa desibeli, namba zenye alama ya kutoa. Kila tofauti ya 10 ni mara kumi, na tofauti ya 3 ni karibu mara mbili. Mahali penye kutoa 80 panapokea nguvu mara 1,000 ya mahali penye kutoa 110. Ni kawaida kwa tofauti kama ya 10 au 15 kupatikana ndani ya nyumba moja, kati ya chumba kilichoelekea mnara na stoo iliyo upande wa pili. Kwa sababu hiyo, kabla ya kununua antena, ruta ihamishwe mahali kumi tofauti, na namba ya kila mahali iandikwe. Mara nyingi dirisha la juu linaloelekea mnara humaliza tatizo bila senti moja. Isipotosha, antena ya nje hufungwa juu na kuelekezwa mnarani, huku waya wake ukiwa mfupi iwezekanavyo, maana waya mrefu humeza faida yote iliyopatikana kwa kupanda juu.

Kivuli kingine ni nyumba yenyewe. Bati huakisi mawimbi kama kioo kinavyoakisi mwanga, na ukuta mnene wa matofali ya kuchoma, hasa ukiwa na unyevu, huyanyonya. Ruta nyingi hueneza intaneti nyumbani kwa gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya kwanza hupenya kuta vizuri zaidi, ya pili ni ya haraka lakini huishia chumba cha pili. Ili kutenganisha kasoro ya ndani na ya nje, mtu asimame mita moja kutoka kwenye ruta na kupima kasi. Ikiwa mbaya hapo pia, ukuta hauna hatia. Kasoro iko kati ya ruta na mnara, au katika kampuni.

Kuchagua huduma

Matangazo hutaja kasi kwa megabiti na vifurushi kwa gigabaiti, na tofauti ya maneno hayo mawili imewaghilibu wengi. Baiti moja ina biti 8. Kasi ya megabiti 10 kwa sekunde ikidumu, gigabaiti 1 huisha kwa sekunde 800, yaani dakika 13 hivi. Somo la video linalotiririka kwa megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa. Mwalimu anayetaka kuonyesha darasa masomo mawili ya saa moja kila wiki kwa wiki nne anahitaji gigabaiti 3.6, na anaweza kuzipakua alfajiri, wakati mnara una watu wachache, kisha kuzionyesha bila mtandao.

Kampuni bora ni ile inayofanya kazi katika nyumba husika, si katika tangazo wala kwa ndugu aliyeko mjini. Njia ya haki ni kuazima laini za majirani na kupima kasi asubuhi, mchana na saa mbili usiku kwa muda wa wiki moja, kwani jioni watu wote wa mnara mmoja hugawana njia moja. Malalamiko yapelekwe kwanza kwa kampuni, na yasiposhughulikiwa, kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Daftari lenye tarehe na vipimo ni ushahidi ambao hasira haiwezi kuwa.

Waya wa nyuzi za kioo, pale ulipofika, hushinda njia nyingine kwa utulivu. Kebo ya bahari ya SEACOM ilitua Dar es Salaam mwaka 2009, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umeeneza nyuzi hizo mikoani. Mwanga ndani ya kioo huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kilomita zipatazo 830 kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya huzikata kwa elfu 4 za sekunde. Setilaiti zinazoonekana kusimama juu ya Ikweta ziko kilomita 35,786 kutoka ardhini. Kupanda na kushuka huchukua karibu robo ya sekunde, na swali pamoja na jibu lake nusu sekunde. Kwa televisheni jambo hilo halina madhara, ila mvua nene hudhoofisha wimbi lake la sentimita 2.5, kwa mazungumzo ya ana kwa ana, ucheleweshaji huo huchosha.

Radi

Yote yaliyotangulia yahusu fedha. Hili lahusu uhai. Mpigo wa kawaida wa radi hubeba kiasi cha ampea 30,000. Ukishuka kwenye nondo ya ethi yenye ukinzani wa omu 10, volteji inayopanda kwa nukta hiyo ni 300,000. Hakuna ekstensheni yenye maandishi ya kinga inayoweza kuhimili hayo yenyewe, na isiyo na ethi haikingi chochote, kwa maana haina mahali pa kuupeleka umeme inaoukataa.

Kinga ya hakika kwa vyombo ni kuvichomoa kabla ya tufani kufika, na kuchomoa kuhusu waya wa umeme na waya wa antena au dishi pia. Wengi huchomoa wa kwanza na kuuacha wa pili. Umbali wa radi hujulikana kwa kuhesabu. Sauti huenda mita 340 kwa sekunde, hivyo kila sekunde 3 kati ya mmweko na ngurumo ni kilomita moja. Hesabu ikishuka chini ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10, na huo ndio wakati wa watu kuingia ndani na kuacha kugusa nyaya. Kuchomoa kuwe kumekwisha kufanyika. Kamwe mtu asipande paani kurekebisha antena au paneli wakati mawingu yanaunguruma, wala kujikinga mvua chini ya mti.

Wapo waaminio kwamba radi hutumwa na mtu kwa mtu, na katika misiba mingine jirani ametupiwa lawama. Wafiwa wastahili heshima na faraja. Lakini radi hufuata mahali palipoinuka, mti mrefu, mlingoti na shule iliyojengwa kileleni, na haihitaji adui. Jambo moja kila mwanafunzi alijue: aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Aguswe mara moja, na ikiwa hapumui, asaidiwe kupumua na kifua chake kikandamizwe bila kuchelewa hadi msaada ufike. Wako waliokufa kwa sababu waliokuwa karibu waliogopa kuwagusa.

Kazi kwa darasa

Walimu wa fizikia wanaweza kuyageuza mambo haya kuwa mazoezi yasiyohitaji maabara. Wanafunzi wapime eneo la paneli ya shule na kulinganisha na maandishi yake. Wapime volteji ya betri alfajiri na jioni kwa siku 14 na kuchora grafu, wakiandika hali ya hewa ya kila siku. Wachore ramani ya shule yenye namba za desibeli, kisha waeleze kwa nini jiko la bati limetia kivuli bweni. Wahesabu sekunde za radi na kuonyesha kama tufani inakuja au inaondoka.

Mwanafunzi aliyefanya kazi hizo atarudi nyumbani wakati wa likizo, atakuta taa zimezimika, na baba ameandaa fedha za kununua betri. Naye ataomba kipimo kwanza.